Una homa ya ini B: hatari ya kufa ni kubwa kiasi gani?

Wengi katika Afrika Mashariki huambiwa kwamba wana homa ya ini B siku ambayo hawakwenda hospitali kwa ajili ya ini. Mmoja alikwenda kuchangia damu. Mwingine ni mjamzito aliyefika kliniki kwa hudhurio la kwanza. Mwingine amepata kazi Ghuba, akatumwa kupima afya kwa ajili ya viza, na karatasi ikarudi imeandikwa HBsAg chanya, yaani damu yake ina kirusi cha homa hiyo, safari ikafa hapo hapo. Anajisikia mzima. Halali njaa, hakohoi, macho yake meupe. Akiuliza kama atakufa, hupewa jibu moja kati ya mawili. Mtaani huambiwa kwamba ugonjwa huo ni mbaya kuliko Ukimwi, hauna dawa, ajiandae. Kwenye chumba cha daktari mwenye foleni ndefu mara nyingi huambiwa: wewe ni mbebaji tu, endelea na maisha yako.

Majibu yote mawili yanaua. La kwanza humsukuma mtu kwenye mitishamba ya kila aina, mingine yenye kudhuru ini lenyewe, au humfanya afiche cheti hata kwa mke wake. La pili humfanya asirudi tena mpaka tumbo limejaa maji. Nataka kueleza kwa nini kila jibu lina kipande cha ukweli ndani yake, maana tafiti kubwa za ugonjwa huu, ukizisoma juu juu, zinapingana waziwazi.

Tuanze na utafiti ulioogofya dunia. Katika miaka ya 1970 daktari Mmarekani, R. Palmer Beasley, akiwa na wenzake huko Taiwan, aliandikisha wanaume 22,707, wafanyakazi wa serikali. Walipimwa damu, 3,454 wakakutwa na HBsAg, yaani protini ya ganda la kirusi ambayo Baruch Blumberg na wenzake waliigundua miaka ya 1960. Kisha watafiti wakasubiri kuona nani anakufa na kwa nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1981: wanaume 41 walikuwa wamekufa kwa saratani ya ini, na 40 kati yao walikuwa wabebaji wa kirusi. Hatari ya mbebaji kupata saratani hiyo ilikuwa mara 223 ya hatari ya asiye na kirusi. Uhusiano wenye nguvu kiasi hicho ni nadra sana katika elimu ya magonjwa. Hata sigara na saratani ya mapafu haufiki huko.

Lakini "mara 223" ni ulinganisho. Inasema umewazidi wenzako kiasi gani. Haisemi wewe mwenyewe una nafasi gani ya kufa. Kwa hilo inabidi kurudi kwenye hesabu ya vichwa. Katika muda huo wa ufuatiliaji, wastani wa miaka mitatu na kidogo, wabebaji waliokufa kwa sababu yoyote ile walikuwa 105 kati ya wale 3,454. Zaidi kidogo ya nusu yao, asilimia 54.3, waliuawa na saratani ya ini au ini lililoharibika kwa makovu, ambalo madaktari huliita sirosisi. Kwa wasio na kirusi, sababu hizo mbili zilichukua asilimia 1.5 tu ya vifo 202. Kwa hiyo, kati ya kila wabebaji 1,000, kama 16 au 17 walikufa kwa ini ndani ya muda huo mfupi. Idadi hiyo inatisha, kwa sababu hawa walikuwa wanaume walioamka asubuhi wakaenda kazini. Hata hivyo si hukumu ya kifo kwa kila mmoja.

Sasa twende kaskazini mwa Italia. Huko watafiti waliwafuatilia watu 296 waliozuiwa kutoa damu kwa sababu walikutwa na HBsAg, wakawalinganisha na 157 wasio na kirusi, kwa miaka 30. Matokeo yalitoka mwaka 2004: hakukuwa na tofauti ya maana ya kuishi kati ya makundi hayo mawili. Vifo vya ini vilikuwa vichache mno.

Kirusi ni kilekile na kipimo ni kilekile. Taiwan kinaua nusu ya wabebaji wanaokufa. Italia hakionekani kugusa umri wa mtu. Anayetaka kumtisha mgonjwa atachukua karatasi ya Taiwan, na anayetaka kumtuliza atachukua ya Italia. Wote wawili watakuwa wanasema kweli, na wote wawili watakuwa wanamdanganya mgonjwa aliye mbele yao.

Kitu kimoja kinafungua fundo hili kuliko vingine vyote: kirusi cha homa ya ini B hakiui seli za ini chenyewe. Kinaweza kuishi ndani yake kwa miaka mingi, kikijinakili kwa mamilioni, bila ini kuumia. Anayeua seli hizo ni kinga ya mwili wako, pale inapokitambua kirusi na kushambulia nyumba kinamoishi. Kila shambulio huacha kidonda, na kila kidonda huacha kovu. Haba na haba, kwa miaka ishirini au thelathini, makovu hayo huligeuza ini kuwa gumu na lenye vinundu, damu ikakosa njia ya kupita. Hapo ndipo tumbo hujaa maji na mishipa ya koo la chakula hupasuka mtu akatapika damu. (Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wajue kwamba kichocho cha tumbo nacho huleta kutapika damu kwa njia inayofanana, na mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili.) Wakati huohuo seli zinazolazimika kujigawa kila mara kuziba pengo hukosea, na vipande vya kirusi hujipachika kwenye vinasaba vyake. Ndiyo maana saratani ya ini kwa mwenye homa ya ini B inaweza kuota hata kabla ini halijafika kwenye sirosisi.

Kwa hiyo swali la hatari si "una kirusi au huna?" Maswali yenyewe ni haya: vita hiyo imepigwa ndani ya ini lako kwa miaka mingapi, bado inaendelea, na imeacha makovu kiasi gani?

Miaka mingapi hutegemea zaidi umri ulioambukizwa. Mtoto mchanga anayeambukizwa na mama mwenye virusi vingi wakati wa kuzaliwa hubaki nacho maisha yote katika visa 9 kati ya 10. Aliyeambukizwa kati ya mwaka mmoja na mitano, uwezekano huo hushuka hadi robo au nusu. Mtu mzima mwenye kinga nzima hukishinda zaidi ya mara 95 kati ya 100. Jeshi la Marekani lilitoa ushahidi wa jambo hili bila kutaka. Mwaka 1942 askari walichanjwa chanjo ya homa ya manjano iliyochanganywa na majimaji ya damu ya binadamu, na damu hiyo ilikuwa na kirusi. Inakadiriwa 330,000 hivi waliambukizwa, na kama 50,000 wakaugua. Miongo minne baadaye watafiti waliwapima manusura: waliobaki na kirusi walikuwa asilimia 0.26 tu. Karibu wote walikuwa wamekishinda.

Sisi wa huku hatuko kwenye kundi la askari hao. Katika Afrika kusini mwa Sahara maambukizi mengi hutokea utotoni, kutoka kwa mama au, zaidi, kati ya watoto wenyewe wanaocheza na kulala pamoja wakiwa na vidonda na mikwaruzo. Mtu anayekutwa na kirusi akiwa na miaka 35 kwa kawaida amekuwa nacho kwa miaka zaidi ya 30. Hili linafaa kusemwa wazi kwenye ndoa, kwa sababu karatasi ya HBsAg imevunja nyumba nyingi kwa tuhuma za uzinzi zisizo na msingi. Kirusi huambukizwa kwa ngono, ndiyo, lakini chako huenda ulikipata kabla hujajua kusoma.

Takwimu zinazotumiwa sana kwa maisha yote ni hizi: kati ya wanaobaki na kirusi tangu utotoni, takriban mmoja kati ya wanne hufa mapema kwa sirosisi au saratani ya ini, kwa wale ambao kilikaa baada ya utoto, ni kama 15 kati ya 100. Mmoja kati ya wanne ni wengi mno. Hata hivyo, yule mwenye cheti mkononi akumbuke kwamba watatu hufa na mengine, na kwamba hesabu hiyo inatokana na miaka ambayo watu walikuwa hawatibiwi.

Je, nani ni huyo mmoja? Jibu bora lilitoka Taiwan tena. Kuanzia mwaka 1991 Chen Chien-Jen, mtaalamu wa magonjwa ambaye baadaye alikuwa makamu wa rais wa Taiwan, na wenzake walifuatilia watu 3,653 wenye HBsAg, wa umri wa miaka 30 hadi 65. Wakapima wingi wa virusi kwenye damu iliyohifadhiwa. Waliokuwa na nakala chini ya 300 kwa mililita, asilimia 1.3 walipata saratani ya ini katika miaka 13. Waliokuwa na milioni moja au zaidi, asilimia 14.9. Kwa sirosisi tofauti ilikuwa asilimia 4.5 dhidi ya 36.2. Hatari ilianza kupanda kwa kasi kuanzia nakala 10,000, ambazo ni sawa na uniti 2,000 hivi za kimataifa. Ndiyo maana namba 2,000 utaiona leo kwenye miongozo ya matibabu.

Hapa panahitaji tahadhari ambayo huachwa mara nyingi. Kijana wa miaka 17 anaweza kukutwa na virusi mamia ya mamilioni na ini safi kabisa, kwa sababu kinga yake bado haijaanza kushambulia. Takwimu za Chen hazimhusu. Zilihesabiwa kwa watu wa miaka 30 na kuendelea, ambao virusi vingi kwao vilimaanisha vita isiyokwisha. Kwa upande mwingine, mwenye virusi vichache leo anaweza kuamka navyo vingi baada ya miaka mitano, kinga ikichoka au kirusi kikibadilika. Wale watoa damu wa Italia wengi wao walikuwa katika awamu ya utulivu, na walikuwa wamejichuja wenyewe: anayekwenda kutoa damu ni mtu anayejiona mwenye nguvu. "Mbebaji tu" ni maelezo ya hali ya leo. Bila vipimo vya kurudiwa, daktari hana haki ya kumpa mtu cheo hicho kwa maisha yake yote.

Kwa wachache mambo huwa mepesi kuliko hayo. Katika vijiji vya Keneba na Manduar nchini Gambia, ambako wenye kirusi wamefuatiliwa kwa miongo kadhaa, kama mmoja kati ya 100 kila mwaka alipoteza HBsAg bila dawa.

Yapo mengine yanayoongeza uzito, na si yote yana uzito sawa. Jinsia: wanaume hufa zaidi. Ukoo: mwenye mzazi au ndugu aliyekufa kwa saratani ya ini yuko kwenye hatari kubwa kuliko mwenzake mwenye virusi vilevile. Pombe inajulikana. Kirusi cha homa ya ini D, ambacho hukaa tu kwa mwenye B, huharakisha sirosisi.

La kwetu hasa ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri. Wengi tunaikumbuka kwa vifo vya ghafla, kama vile mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, watu 317 walipougua na 125 kufa. Lakini sumukuvu ya kidogo kidogo, ile isiyomwangusha mtu siku hiyo, hukutana na kirusi ndani ya ini. Utafiti wa wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai ulionyesha kwamba wenye dalili za sumukuvu pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini mara 3.4 ya wasio na lolote kati ya hayo mawili, wenye kirusi pekee mara 7.3, wenye vyote viwili mara 59. Mwenye homa ya ini B anayepewa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha, mayai, nyama, mafuta, huku haambiwi neno lolote kuhusu mahindi yenye ukungu, amenyimwa ushauri uliokuwa na maana zaidi.

Halafu VVU. Nchini Marekani wanaume zaidi ya 5,000 walifuatiliwa kwa miaka mingi. Kwa kila 1,000 kwa mwaka, vifo vya ini vilikuwa 0.8 kwa wenye homa ya ini B pekee, 1.7 kwa wenye VVU pekee, na 14.2 kwa wenye vyote. Habari njema ni kwamba kidonge kimoja cha kila siku kinachotolewa bure kwenye vituo vya VVU vya Afrika Mashariki kina tenofovir na lamivudin, na zote mbili hushambulia pia kirusi cha homa ya ini B. Hatari huja pale mtu anapoacha dawa, au anapobadilishiwa kwenda mchanganyiko usio na tenofovir bila mtu kukumbuka ini lake: kirusi kikiachiwa ghafla, kinga huweza kushambulia ini kwa nguvu inayoua ndani ya wiki chache.

Kwa asiye na VVU dawa ni zilezile, tenofovir au entekavir, na hapa ndipo ule usemi wa "haina dawa" unapovunjika. Ni kweli haiponi kabisa: kirusi huficha nakala ya vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli za ini, dawa haifiki, kwa hiyo wengi huzimeza kwa miaka mingi. Lakini kinachoua ni vita na makovu, na dawa husimamisha vita. Mwaka 2004 yalichapishwa majaribio ya wagonjwa 651 waliokwisha kuwa na makovu makubwa. Kati ya waliopewa lamivudin, dawa dhaifu kuliko za sasa, asilimia 7.8 ugonjwa wao ulisonga mbele; kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 17.7. Majaribio yalikatishwa kabla ya muda kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Baadaye tenofovir ikaonyesha jambo ambalo vitabu vya zamani vilisema haliwezekani: kati ya wagonjwa 96 waliokuwa na sirosisi na kupimwa tena kipande cha ini baada ya miaka mitano ya dawa, 71 hawakuwa na sirosisi tena. Hatari ya saratani hupungua bila kufika sifuri, hivyo mwenye sirosisi anaendelea kupigwa ultrasaundi kila miezi sita hata kama virusi havionekani.

Bei siyo kizuizi kikubwa kama watu wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani limetaja dola 2.4 kwa mwezi kama bei elekezi ya tenofovir. Hata hivyo shirika hilo linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wanaishi na kirusi, milioni 1.1 walikufa kwa ajili yake, asilimia 13 tu walikuwa wamepimwa wakajua, na kama 3 katika 100 ndio walikuwa kwenye dawa. Nikisoma namba hizo naona kwamba wengi wanakufa bila kuulizwa swali la pili baada ya HBsAg.

Swali hilo la pili halihitaji hospitali ya rufaa. Daktari wa hospitali ya wilaya anaweza kupima vimeng'enya vya ini, ALT na AST, pamoja na chembe za kugandisha damu. Kutoka hapo anapata kipimo cha makovu kiitwacho APRI kwa kalamu na karatasi: chukua AST yako, gawanya kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo, zidisha kwa 100, kisha gawanya kwa chembe za kugandisha damu zikiandikwa kwa maelfu. AST ya 60 mahali ambapo kikomo ni 40, na chembe 150, inatoa 1.0. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unasema mtu mzima mwenye zaidi ya 0.5 aanze dawa. Aanze pia mwenye virusi zaidi ya uniti 2,000 na ALT iliyopanda, mwenye VVU, na mwenye saratani ya ini katika ukoo. Na pale ambapo kipimo cha wingi wa virusi hakipatikani, ALT inayobaki juu mara kwa mara inatosha kuanzia. Mwongozo huo uliandikwa kwa kuzifikiria nchi kama zetu, na mgonjwa ana haki ya kuutaja mbele ya daktari wake.

Asiyekidhi vigezo hivyo apimwe tena, angalau mara moja kwa mwaka. Nyumbani kwake hakuna haja ya kutenga sahani wala kikombe, kwa kuwa kirusi hakiambukizwi kwa chakula. Mwenza, watoto na ndugu wapimwe, na wasio nacho wachanjwe. Wembe na mswaki visichangiwe.

Chanjo iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000. Maana yake ni kwamba karibu wote waliozaliwa kabla ya hapo walikulia kwenye maambukizi bila kinga, na wakubwa wao sasa wako kwenye umri ambao ini huanza kushindwa. Vifo vyao havitapunguzwa na chanjo ya wajukuu. Vitapunguzwa na kuwapima wao na kuwapa dawa wanaostahili. Kwa wanaozaliwa leo, pengo lililobaki ni saa 24 za kwanza: chanjo inayoanza wiki ya sita inamkinga mtoto na wenzake wa kucheza, lakini inachelewa kwa aliyeambukizwa na mama yake usiku wa kuzaliwa. Mwaka 2022, katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani, ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliopata dozi hiyo ya kuzaliwa. Mjamzito mwenye HBsAg anaweza kuiulizia mapema kliniki, pamoja na tenofovir ya kumeza katika miezi ya mwisho ya ujauzito, ambayo hushusha virusi vyake kabla mtoto hajatoka.